Mhesabu Meno na Matairi ya Mdogo Wake

Hana kibao mlangoni. Hana kompresa, hana mashine ya kunyanyulia gari, hana cheti cha ufundi, wala hana kiti cha mgeni zaidi ya rimu iliyolazwa chini na kufunikwa gunia. Meno mawili ya mbele hana pia, na wapitao njia hawachoki kumtania kwa hilo, maana jina lake hapa mtaani ni Mzee Meno.

Saa moja asubuhi ameshalala chali chini ya pikapu. Kinachoonekana ni miguu yake tu, na viatu ambavyo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Magurudumu ya nyuma yananing'inia hewani, gari likiwa limepandishwa kwa jeki juu ya magogo. Mkono mmoja unazungusha polepole propela, bomba refu linaloleta nguvu ya injini nyuma, mwingine umeshika kipande cha chaki.

"Moja," sauti inatoka chini ya chuma. "Mbili. Tatu. Nne. Na kidogo."

Alama ya chaki aliyoitia kwenye tairi imezunguka mara moja kamili na kurudi ilipoanzia. Mzee Meno anajivuta nje, anajifuta jasho kwa kiwiko.

"Hapo nimeshajua ndani kuna nini, na sijafungua nati hata moja," anasema. "Gia kubwa ina meno arobaini na moja, ndogo ina kumi. Fungua uhesabu, kama nimekosea nitakununulia chai mwezi mzima."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo ameitumia ndani ya difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu. Humo gia ndogo inayoitwa pinioni husukuma gia kubwa, na gia kubwa huzungusha magurudumu. Mtu akitaka matairi makubwa ya kupitia porini, gia hizo hazina budi kubadilishwa.

"Tairi likiwa kubwa, hatua inakuwa ndefu, lakini injini ni ileile," anaeleza. "Ni kama kumwambia mtoto apande ngazi kwa kuruka mbilimbili, na ndoo ya maji kichwani. Atapanda, ndiyo. Atafika juu yuko hoi."

Dawa yake ni kuweka gia kubwa yenye meno arobaini na matatu na pinioni yenye tisa. Propela izunguke karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja, na injini ipate pumzi. Lakini gari la porini huvuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo difu zake ni mbili, na zote mbili lazima zifanane.

Hapo ndipo wateja wanapoanza kutazama saa zao. Gia za difu mbili ni laki tisa. Beringi, sili za kuzuia oili isivuje na vibati vyembamba kama karatasi vya kupangia nafasi ni laki mbili na nusu. Kazi yake mwenyewe, siku mbili za kupaka meno rangi, kuzungusha na kutazama yanagusana wapi, ni laki tatu. Jumla ni milioni moja na laki nne na nusu. Matairi manne makubwa yenyewe ni milioni moja na laki mbili.

"Mtu anakuuliza, mzee, dawa inakuwaje na bei kubwa kuliko ugonjwa? Nacheka naye. Kisha anavuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kuna duka la matairi. Lina kibao kikubwa chenye taa, lina kompresa mbili, lina viti vya plastiki vya wageni. Matairi yamepangwa mbele kama askari wa gwaride, na kila Jumamosi vijana huja kupiga picha wakiyaegemea. Mwenye duka anaitwa Bosi Mpira. Ni mdogo wake Mzee Meno, baba mmoja, mama mmoja.

Ukutani mwa gereji, nyuma ya mlango, kuna mistari ya chaki iliyofungwa mitano mitano. Ni mingi mno, imeshuka mpaka karibu na sakafu. Mgeni angedhani ni hesabu za gia. Mkewe Mzee Meno, aliyeleta kifungua kinywa, anacheka chinichini.

"Hao ni wateja wa shemeji yangu," anasema. "Kila gari linaloingia kule, mwenzangu anachora hapa. Angewahesabu wake hivyo, leo tungekuwa na bati jipya."

"Wangu nawahesabu kwa vidole," Mzee Meno anajibu, bila kugeuka. "Havinichoshi."

Hafichi kwamba anaona kijicho. Anasema kilianza zamani, wakiwa wadogo, mama yao alipokuwa akiwaita wageni waje kuona jinsi mdogo alivyochora gari ukutani kwa mkaa. Siku ileile yeye alikuwa amefungua saa ya baba na kuirudisha ikatembea. Hakuna aliyeitwa kuja kuiona, kwa sababu saa inayotembea haina cha kuonyesha.

Walifanya kazi pamoja katika gereji hii kwa miaka kumi na miwili. Kisha mdogo akamwambia maneno ambayo bado anayarudia kwa kuiga sauti ya mdogo wake: "Kaka, watu wanalipia wanachokiona. Difu nani anaiona?" Akavuka barabara. Ni miaka tisa sasa.

"Siku ya kufungua duka aliniwekea kiti mbele kabisa," Mzee Meno anasema. "Nilikiona kutoka hapa nilipo. Kilikaa kitupu mpaka jioni, na mimi nikakaa hapa nakitazama mpaka jioni. Sijui nani alichoka zaidi."

Tangu hapo miguu yake haijavuka barabara ile. Namba ya simu ya mdogo wake aliifuta. Wakikutana misibani wanasalimiana kwa kuinua kidevu.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si pikapu la mama mmoja mfugaji nyuki ambaye watu humwita Mama Mizinga.

Mama Mizinga hupeleka wanawake wanne msituni kurina asali, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Miezi miwili iliyopita alifunga matairi makubwa kwa Bosi Mpira. Gari likapendeza, ila likawa linahema kwenye kila kilima. Akaja kwa Mzee Meno, akatajiwa bei, akashika kiuno.

"Fundi, nimekuja kutengeneza gari, sikuja kulioa," alimwambia.

Akarudi ng'ambo. Bosi Mpira, ambaye hapendi mteja wake aondoke na uso uliokunjamana, akamwitia fundi wa kukodi. Wakakubaliana kubadilisha gia za difu ya nyuma tu, kwa nusu ya bei. Nyuma ndiko kunakosukuma, walisema. Ya mbele itasubiri msimu mwingine wa asali. Gari likapanda vilima vizuri, na mama wa watu akafurahi.

Ijumaa iliyopita sili ya difu ya nyuma ilianza kuvuja, na kwa kuwa duka la matairi lilikuwa na foleni, Mama Mizinga akavuka. Mzee Meno aliinua gari, akatoa chaki kwa mazoea. Nyuma akahesabu karibu tano. Akasogea mbele, akahesabu nne na kidogo.

"Nikarudia. Nne na kidogo," anasema. "Palepale nikajua."

Kwenye barabara kavu, gari likivuta kwa nyuma tu, hakuna kitakachotokea. Lakini siku dereva atakapounganisha magurudumu ya mbele, na huunganishwa palepale kwenye utelezi wa mteremko, ekseli mbili zitakuwa zinavutana kama watu wawili waliofungwa mguu kwa mguu, mmoja akitembea na mwingine akikimbia. Kitu kitakatika. Kinaweza kuwa ekseli, kinaweza kuwa gia. Dereva wakati huo atakuwa na wanawake wanne nyuma na bonde upande wa kushoto.

Mzee Meno alibadilisha sili. Akapokea hela ya sili. Akamwambia Mama Mizinga, "Safari njema."

Anaposimulia hapa anaacha spana, anakaa juu ya rimu. Anaongea akiitazama mikono yake.

"Unajua nilichokihisi? Raha. Nilisema moyoni, sasa dunia itajua nani fundi. Kibao kile na taa zake, acha kidondoke. Usiku nilikula sahani mbili."

Siku ya pili alikula moja. Siku ya nne mkewe alimkuta amesimama mbele ya mistari ya chaki, hachori.

"Nilimuuliza, baba watoto, una nini? Akasema hana kitu," mkewe anasema. "Usiku kitandani nikamwambia mtu asiye na kitu halali na macho wazi. Akanieleza. Nikamuuliza swali moja tu, hao kina mama wanne wamekukosea nini?"

"Nikajibu hawajanikosea," Mzee Meno anasema.

"Akasema hawajamkosea, akavuta shuka. Nikamfunua."

Kumwambia Mama Mizinga mwenyewe ilikuwa njia moja. Lakini yuko shambani kwake ambako simu haishiki, na hatarudi mjini hadi kesho, Ijumaa jioni, atakapopita kwa Bosi Mpira kuchukua tairi la akiba. Jumamosi alfajiri wanaingia msituni. Isitoshe, Mzee Meno anasema, akimwambia yeye kwanza, habari itazunguka mtaa mzima kabla ya chai ya saa nne. Duka litavunjika. Na kuvunjika kwa duka lile ndicho alichokitamani kwa miaka tisa.

"Ndiyo maana siamini mdomo wangu," anasema. "Ningesema kwa ajili ya usalama wa gari, huku ninasikiliza makofi."

Njia iliyobaki ni kumwambia mdogo wake peke yake, ili amsimamishe mteja wake kwa mdomo wake mwenyewe. Kuvuka barabara hawezi, amejaribu asubuhi hii akafika mtaroni. Kwa hiyo, juu ya meza yenye mabaka ya oili, ameweka karatasi ya daftari na kalamu aliyoazima kwa Mama Chai, muuza chai anayehudumia pande zote mbili za barabara.

Anaandika polepole, herufi moja moja, kama anayepanga vibati. Anakubali yasomwe:

"Mdogo wangu. Gari la Mama Mizinga nyuma ni arobaini na tatu kwa tisa. Mbele bado arobaini na moja kwa kumi. Nilijua tangu Ijumaa, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, la gari ni lenu. Asiingie msituni kabla mbele hakujabadilishwa. Seti ya mbele ninayo, aliniachia mteja aliyeghairi, imefungwa kwenye karatasi chini ya kitanda. Lilete kesho jioni, Jumapili utalichukua. Mwambie umetengeneza wewe."

Mkewe anasoma juu ya bega lake. "Hayo ya mwisho yanatoka moyoni?"

"Yanatoka kwenye kalamu. Moyo utafuata."

Anafikiri kidogo, kisha anaongeza mistari miwili. Ndiyo mpango wake, anasema, ambao ameubeba kwa miaka na kuona aibu kuutaja. Mtu akiuliza bei ya matairi makubwa ng'ambo ile, atajiwe palepale na bei ya difu mbili, karatasi moja, kazi mbili, ndugu wawili. Atakayekimbia akimbie mapema, kabla hajafunga tairi hata moja.

"Na akikataa?" anaulizwa.

"Akikataa, Jumamosi alfajiri nitasimama katikati ya barabara na gari lile litanikanyaga au litasimama. Kwa hilo miguu ninayo."

Anaikunja karatasi mara tatu na kuitia kwenye bahasha iliyowahi kubeba risiti. Ulimi wa bahasha umekauka, haushiki. Mzee Meno anapapasa rafuni, anachukua tyubu ya gundi anayotumia kufungia vifuniko vya difu, na kukamua mstari mwembamba, ulionyooka, kutoka pembe hadi pembe. Anabana kwa kidole gumba. Anahesabu hadi ishirini.

"Hii haivuji," anasema.

Mama Chai amesimama mlangoni na chupa zake mbili. Anaitazama bahasha, anamtazama mwenyewe.

"Mzee Meno, miaka tisa napeleka chai huko, hujawahi kunituma hata salamu. Nikiulizwa imetoka kwa nani?"

"Sema imetoka kwa kaka yake."

Mama Chai anaiweka bahasha chini ya kwapa, anatazama kulia, anatazama kushoto. Gari linampisha. Anavuka.