Sweta ndani ya Chumba cha Pasi

Wenzake walimwita Chapuchapu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Katika chumba cha dobi cha hoteli ile, chini kabisa ya jengo, ambako madirisha yalikuwa karibu na dari na yalionyesha viatu vya wapita njia tu, hakuna aliyekunja shuka kwa kasi yake. Alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi hiyo. Shuka lilipotoka kwenye mashine ya pasi, bado linafuka mvuke, yeye alidaka pembe mbili, mwenzake pembe mbili, wakavuta, wakakutanisha, wakavuta tena, na kabla hujamaliza kupiga chafya shuka limekwisha kulala juu ya rundo, limenyooka kama limepimwa kwa rula.

Mwenzake wa upande wa pili alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia kiko wapi. Wawili hao walikuwa wamekunja pamoja miaka tisa. Kwa hiyo Redio ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba kuna jambo, na alijua kwa mikono. Shuka lilikuwa limelegea upande wa pili.

"Mdogo wangu, vuta basi," alimwambia asubuhi moja.

"Navuta, dada."

"Unavuta? Mimi naona unalishikilia tu lisianguke."

Chapuchapu akacheka, ila kicheko chenyewe alikitoa kwa kujilazimisha. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote.

Uchovu ule haukumwangukia siku moja. Uliingia polepole, kama mgeni aliyesema analala usiku mmoja tu, ukaona pamefaa, ukakaa. Kwanza ngazi za kutoka chumba cha dobi hadi lango la wafanyakazi zikawa ndefu, ikambidi asimame katikati na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha usingizi ukaacha kumsaidia. Alilala saa tisa nzima, akaamka amechoka kuliko alivyopanda kitandani. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Visigino vikapasuka hata mafuta yakawa hayaingii. Vidole vikafa ganzi alfajiri. Choo kikawa cha shida, jambo ambalo hakumwambia mtu. Sketi ya sare ikagoma kufunga kiunoni, na chakula chenyewe alikuwa anakidonoadonoa.

Halafu kulikuwa na baridi, ambayo ndiyo iliyowavunja mbavu wenzake. Ndani ya chumba cha pasi joto lilikuwa la kuivisha yai. Wanawake walifunga vitambaa shingoni vya kufutia jasho, na feni lilizunguka bila faida yoyote. Katikati ya tanuri hilo Chapuchapu alisimama amevaa sweta la sufu, amelifunga vifungo mpaka kooni.

"Jamani, huyu nani kamtoa kwenye jokofu?" Redio aliuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Chapuchapu naye akacheka, akavuta mikono ya sweta ifunike vidole.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama yake, kwenye simu, alisema ni umri: "Arobaini na moja siyo kumi na tisa, mwanangu." Binti yake, aliyekuwa sekondari, alisema mama hanywi maji. Mume wake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, alianza kujipakulia mwenyewe chakula na kula peke yake, maana mkewe alikuwa ameshalala kwenye kochi na viatu miguuni. Yeye Chapuchapu alijipa jibu baya kuliko yote. Alijiambia amekuwa mvivu. Kila asubuhi alijikaza kisabuni, na kila jioni alirudi amejichukia.

Kisha hedhi ikavurugika. Tangu usichana wake ilikuwa ikija kwa tarehe, ungeweza kuisubiri mlangoni. Sasa ikawa inachelewa, ikifika inakuja nzito kupita kiasi, halafu inapotea. Ilipopotea miezi miwili mfululizo, wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kutembea siku ya Jumapili, akamtazama uso uliovimba, akatazama tumbo, akatazama sketi iliyofungwa kwa pini, akapiga makofi.

"Wifi! Una kitu wewe!"

"Sina kitu, wifi. Nimechoka tu."

"Hata mimi wa tatu nilichoka hivyohivyo. Unanificha mimi?"

Jioni hiyohiyo ukoo mzima ukajua. Shangazi wakapiga simu. Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa ametamani mtoto wa pili kwa miaka kumi na kukata tamaa bila kulalamika, akaanza kutembea kama mtu aliyepewa cheo. Alileta mbao karakanani, akaanza kupima kitu ambacho hakukitaja jina. Chapuchapu aliziona zile mbao. Na kwa siku chache hata yeye aliamini, kwa sababu angalau mimba ingekuwa sababu.

Alikwenda zahanati. Kipimo kikasema hakuna mimba. Tabibu, kijana mwenye foleni ndefu nyuma ya mlango, alitazama ukope wake wa ndani, akasema damu ni pungufu, akampa vidonge vya madini ya chuma na kumshauri apunguze mawazo. "Umechoka, mama. Pumzika." Mazungumzo yote hayakufika dakika nne.

Siku tatu baadaye hedhi ikaja kwa hasira, ikakaa siku kumi na moja. Mumewe alisikia habari ameshika tepu ya kupimia mkononi. Alisema, "Basi, haidhuru," akaikunja tepu, akaenda kukaa nje. Mkewe alimtazama mgongo kupitia dirisha. Alitaka kutoka akamwambie neno, lakini kusimama tu kulimshinda.

Vidonge vya chuma alivimeza mwezi mzima. Havikubadilisha kitu.

Lililomfikisha pabaya lilikuwa kosa dogo la kazini. Nguo za wageni zilikuwa zikirudi vyumbani na vikaratasi vya namba, na katika miaka kumi na minane hakuwahi kukosea hata kimoja. Siku hiyo alichanganya vinne. Mzee mmoja aliyekuja kwenye mkutano hotelini akapelekewa magauni mawili ya maua, na bibi harusi aliyekuwa akipiga picha saa nane akafunguliwa kifurushi chenye suruali za kijivu za yule mzee. Juu ghorofani palikuwa na makelele. Chini, Chapuchapu alisimama mbele ya msimamizi wao, mtu mpole asiyependa kugombeza, na hakukumbuka kabisa alivyobandika vile vikaratasi.

"Sikufukuzi," msimamizi alisema, akikwepa kumtazama. "Ila mashuka acha kwanza. Kaa pale kwenye vifungo."

Kwenye vifungo ndipo walipokaa wanaosubiri kustaafu. Chapuchapu akaketi kwenye stuli na kopo la vifungo, akatunga uzi mara saba ndipo ukaingia kwenye sindano. Hakulia. Hata kulia kulitaka nguvu.

Wakati wa chakula cha mchana Redio alikuja akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akanyamaza dakika nzima.

"Jana nimekupigia simu," akasema hatimaye. "Nikakata."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mumeo amepokea. Sauti yako imekuwa nzito, mdogo wangu. Imekuwa ya mtu mwingine."

Akatoa simu, akatafuta picha waliyopiga wafanyakazi wote miaka mitatu nyuma, akaiweka juu ya meza. Chapuchapu alijitazama. Yule wa kwenye picha alikuwa na nyusi ndefu zilizofika mwisho wa jicho. Aligusa zake, nusu ya nje ilikuwa imepukutika, na hakuwa amegundua. Yule wa kwenye picha alikuwa na kope nyepesi na shingo inayoonekana.

"Huyu hajazeeka," Redio alisema, akigonga kioo cha simu kwa ukucha. "Amevimba. Na baridi ile niliyokuwa naicheka, Mungu anisamehe, baridi ile siyo ya kawaida. Ulimwambia daktari?"

"Nilimwambia nimechoka."

"Umechoka! Nani hajachoka? Mimi nimechoka, msimamizi amechoka, hata hilo feni limechoka. Ukisema umechoka watakupa kidonge cha damu wakufungulie mlango. Hebu lete kalamu."

Wakaandika nyuma ya karatasi ya kupokelea nguo. Redio aliuliza, Chapuchapu akajibu, kwanza kwa aibu, halafu yakaanza kumiminika yenyewe: baridi, nywele, ngozi, choo, hedhi, ganzi, sauti, kusahau, uzito. Karatasi ikajaa. Alipoisoma tangu juu hadi chini alishangaa. Mambo hayo yote alikuwa ameyabeba moja moja, kila moja na kisingizio chake, wala hakuwahi kuyaona yamekaa pamoja.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma karatasi yote, upande wa mashuka na foronya kwanza kwa kukosea, kisha upande wenyewe. Hakucheka. Alimshika shingo kwa vidole viwili akamwambia ameze mate. Alihesabu mapigo ya moyo, akahesabu tena. Kisha akamwambia apige magoti juu ya kiti, miguu ining'inie, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa nyundo ndogo ya mpira. Unyayo ukaruka kama kawaida, lakini ulirudi taratibu.

"Umeuona?" daktari aliuliza. "Unarudi kama hautaki."

"Hata mimi sitaki kitu siku hizi, daktari."

Hapo daktari akatabasamu. Akachukua damu, na wiki iliyofuata akamweleza akiwa na majibu mkononi. Alisema hapa shingoni, chini ya koromeo, kuna tezi inayoitwa thairoidi. Inatoa homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto litengenezwe kiasi gani, chakula kitumike vipi, na hedhi nayo haikai sawa homoni hiyo ikipungua. Ya kwake ilikuwa inatoa kidogo mno, kwa sababu kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa imeigeukia.

"Ubongo umekuwa ukiipigia kelele ifanye kazi. Kelele hizo ndizo tunazozipima. Zako ziko juu sana."

"Kwa hiyo siyo uvivu?"

Daktari akavua miwani. "Nani alikuambia ni uvivu?"

Aliyemwambia alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha mgonjwa.

Alitarajia angefurahi, lakini hakufurahi. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba, bahasha mapajani, akawaza maneno mawili ambayo daktari aliyasema kwa upole: maisha yote. Kidonge kimoja kila asubuhi, kwa maji matupu, kabla ya chai na kabla ya chochote, asubiri hadi saa nzima ipite ndipo ale. Vile vya chuma avisogeze mbali, angalau saa nne baadaye, maana vinazuia dawa isiingie mwilini. Damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Asitegemee miujiza.

Na kweli miujiza haikuja. Wiki ya kwanza alimeza, akasubiri chai akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, akaenda kwenye vifungo amechoka vilevile. Wiki ya tatu choo kilikaa sawa, jambo ambalo pia hakumwambia mtu. Wiki ya tano, saa nne asubuhi, alivua sweta bila kufikiri, akalitundika nyuma ya mlango, na ni Redio aliyepiga ukelele mpaka wa kwenye mashine wakadhani mtu ameungua.

Mumewe alimwambia jioni moja, wakiwa wamekaa nje na vikombe. Alikuwa akisugua kovu la cheche kwenye mkono.

"Sweta, sawa, niliona. Kulala, niliona. Nikadhani ni mimi. Nikadhani umenichoka."

"Nilikuwa nimechoka kila kitu, baba. Hata kupumua."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Na mimi sikujua."

Akamweleza alivyoelezwa, shingo na tezi na kelele za ubongo. Alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeeleza geti lilivyogoma. Aliuliza swali moja tu, kama mtoto bado anawezekana. Mkewe akamwambia kwamba daktari alisema inawezekana homoni zikikaa sawa, ila umri nao una neno lake, na kwamba kwa sasa hataki kuliwaza. Mumewe akaitikia kwa kichwa. Akanyanyua kikombe chake, akakuta chai imepoa.

Kipimo cha pili kilionyesha dozi haitoshi, ikaongezwa. Cha tatu kikaonyesha afadhali. Nyusi hazikurudi zote. Uzito ulipungua kilo chache, ukagoma. Msichana wa mapokezi, aliyesikia habari, alishuka siku moja kumwomba kidonge kimoja ajaribu, kwa kuwa naye hedhi yake inaruka miezi na ndevu zinamwota kidevuni. Chapuchapu alimkatalia katakata. "Zako huenda ni homoni nyingine kabisa. Nenda ukapimwe. Kunywa dawa iliyotokana na kipimo cha damu ya mtu mwingine ni kujitafutia balaa." Alimpa jina la daktari.

Msimamizi alimrudisha kwenye mashuka mwezi wa saba tangu aanze dawa, nusu siku kwanza. Kasi ya zamani haikuwepo. Kuna siku aliikaribia, na kuna siku, bila sababu yoyote ya kueleweka, mwili uliamka mzito kama blanketi lililolowa.

Siku moja ya namna hiyo, mkutano mwingine ulikuwa umekwisha na mashuka ya vyumba themanini yalikuwa yamejaa kwenye vitoroli mpaka mlangoni. Alikunja mpaka saa sita. Kisha akalitua shuka lililokuwa mkononi, akamwambia msimamizi, "Leo nimefika mwisho. Nakaa." Hakusingizia tumbo wala kichwa. Msimamizi akatazama vitoroli, akatazama saa, akamwita mwanamke mwingine ashike upande ule.

Chapuchapu akavuta stuli, akaketi, akanyoosha miguu.