Nguo za Chini ya Suti Kavu

Nakumbuka siku moja niliyotetemeka Dubai mpaka meno yakagongana, mwanangu, na nje watu walikuwa wakililia kivuli. Usicheke kwanza. Nimesikia umepata kazi ya kupiga mbizi kwenye maji baridi, nawe unaniuliza uvae nguo gani chini ya suti kavu, ile suti inayozuia maji yasiguse mwili. Nitakujibu, ila kwa njia yangu, na njia yangu ni ndefu kidogo.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa askari wa mlangoni katika ukumbi wa theluji, ndani ya jumba la maduka. Humo mlikuwa na ndege wa barafu, pengwini, na bwawa lao la maji baridi lilikuwa na kioo ambacho lazima kisuguliwe na mtu kutoka ndani ya maji. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwa ukaidi tu. Nikapewa nafasi moja ya kujaribiwa. Mkuu wa wapiga mbizi alikuwa Bi Salma, Mzanzibari aliyekulia kule kule Dubai. Akiniridhia, naingia kikosini. Asiponiridhia, narudi mlangoni kusema "Karibu, madam" hadi miguu ivimbe. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipaa.

Sasa, mimi ni mtu wa Kinangop. Kwetu kuna asubuhi umande huganda juu ya majani ya viazi. Wasichana wa Kiganda niliokaa nao chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens niliwatambia, "Baridi? Baridi ni jirani yangu." Ujana una mdomo, mwanangu, na mimi ujana ulikuwa karibu kuniaga lakini mdomo ulikuwa bado.

"Umevaa nini ndani?" Bi Salma aliniuliza.

"Nguo za baridi, Bi. Za kwetu kabisa."

Akaniamini. Kumbe ndani nilikuwa na fulana mbili nzito za pamba na sweta la kunibana, kama tulivyovaa nyumbani tukienda kukama ng'ombe. Tena kwa kiherehere nilijifunga suti mapema, nikasimama kwenye ujia wa nyuma wa jengo, mahali ambapo kiyoyozi hakifiki. Jasho likanitoka. Pamba ikalinywa lote.

Tulipozama, jasho lile likawa barafu mgongoni. Vidole vikafa, brashi ikaniponyoka. Bi Salma alikuwa kando yangu, akaniuliza kwa ishara ya mkono kama niko salama. Nikajibu salama. Akauliza tena. Nikajibu vile vile, huku natetemeka. Hapo akanishika mkono akanipandisha juu.

Kwenye chumba cha wanawake alinivua mwenyewe kama mtoto, akanifunga mataulo, akaninywesha chai ya tangawizi kwa sababu kikombe sikuweza kukishika. Nilipoinua macho, nikamwona analia.

"Nani kakwambia baridi aibu?" akasema. "Ungenambia, tungepanda, khalas, kesho tungerudi. Ukinificha, mimi mamako n'tamwambia nini?"

"Basi kazi nimeikosa," nikasema.

"Kazi haijenda pahala. Nijibu kwanza. Una baridi?"

Ilikuwa vigumu kulitoa neno lile, mwanangu, kuliko kuzama. "Ndiyo, Bi. Nina baridi sana."

"Haya. Sasa n'takufunza kuvaa."

Na akanifunza. Pamba iache nyumbani. Inayogusa ngozi iwe sufu nyembamba, inayolitoa jasho mwilini. Juu yake vaa kitambaa cha manyoya laini, kinene kwa kadiri ya maji unayoyaendea, kisichokubana, maana kinachokupa joto ni hewa iliyotulia humo ndani. Lakini usijijaze nguo mpaka mkono usifike kwenye vali zako za kuingiza na kutoa hewa. Chuchumaa, inua mikono, jipinde. Nguo ikikukatalia nchi kavu, majini itakutesa. Soksi ziwe nzito, ila kidole cha mguu kiwe na nafasi ya kucheza. Na kama nje ni joto, suti ifunge mwisho kabisa.

Hayo hata muuzaji dukani atakwambia. Lisilouzwa dukani ni hili: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukisikia baridi, sema. Ukiulizwa, jibu kweli, hata kama kazi yote imening'inia hapo. Mwenzako majini hana macho ya kuona chini ya suti yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akuzamishe salama na akuibue salama. Na siku utakayojibu uongo kwa woga, akuweke karibu na mtu atakayeuliza mara ya pili.