Ukuta wa Rangi za Ukingo

Tulikuwa watatu: habuba Zamzam, mama mzazi wa baba, shangazi Halima, binti yake, na mimi mjukuu. Leo hapa Makindye mvua imelowesha ua, udongo ukanukia, nikawakumbuka.

Ziwa lilikuwa likila ukingo karibu na nyumba yetu. Kila ulipobomoka, rangi zilionekana: nyekundu juu, njano katikati, na chini kabisa udongo mweupe. Habuba akataka ukuta wa mbele upakwe hivyohivyo, maana mchana ule watu wangekuja kumposa shangazi.

Tukapaka kwa mikono. Ule mweupe ukatoka wa kijivu kama maji ya kuoshea sufuria, shangazi akaanza kulia.

"Mama, watasema nimetoka kwenye matope."

"Kwani umetoka wapi? Ngoja jua, wewe."

Jua likapanda, na ile sehemu ya chini ya ukuta ikaanza kuwa nyeupe kidogo kidogo, kuanzia kona ya mlango. Shangazi alicheka huku machozi hayajakauka.

Wageni walipofika, mchumba mwenyewe, Juma, aliketi chini akaegemea ukuta. Akaondoka na mgongo mweupe, wala hakukubali kupanguswa.

Koti lake nasema lilikuwa jeusi. Kama lilikuwa la buluu, enyi watoto wa shangazi, mnisahihishe.