Risasi ndogo za game yangu zilikuwa zinaisha mchana nikiwa kazini

Niaje wakuu.

Hii stori sikutaka kuileta hapa, lakini sina mtu mwingine wa kumwambia bila kuchekwa mtaani. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote yalitokea kwangu, hapa mtaa wa Tena, Nairobi, na asiyeamini apite salama, sitagombana naye.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha kuliko kawaida, naanza kujiuliza anataka nini. Landlord akipaka ngazi rangi, mimi najua kodi inapanda. Ndivyo nilivyo.

Nafanya kazi kiwanda cha plastiki Industrial Area, shift ya mchana. Mke wangu, Mama Ivy, ni fundi wa nguo na anashonea hapo hapo nyumbani, cherehani iko sebuleni karibu na dirisha. Mtoto wetu Ivy yuko nursery mpaka jioni.

Starehe yangu ni moja. Sinywi, sibeti, mpira naangalia kwa majirani. Nina game.

Ni ile aina ya game ambapo dunia imeshaisha. Mabomu yalianguka, miji imebaki magofu, na wewe unazunguka ukiokota mikebe ya chakula, vyuma na risasi. Kuna majambazi, kuna wanyama waliokua wakubwa kuliko inavyotakiwa. Panya ana ukubwa wa mbuzi.

Sasa sikizeni hapa, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Kwenye hiyo game kuna risasi za kila aina, na za chini kabisa ni zile ndogo, nyembamba, za bunduki ya kuwindia ndege. Hazina nguvu. Ukimpiga jambazi nazo anageuka anakuangalia kama umemuita jina. Ziko kila mahali, kila droo unayofungua unazikuta, na hakuna mchezaji wa maana anayezitumia. Mimi nilikuwa nazitupa tu ndani ya friji mbovu kwenye maficho yangu. Friji ilikuwa imejaa.

Jioni moja nafungua hiyo friji, naona zimepungua.

Nikasema labda nimesahau. Kesho yake zimepungua tena. Zile kubwa, za bunduki zangu za kazi, hazijaguswa hata moja.

Wakuu, mwizi gani anaacha nyama anaiba mfupa?

Nikaanza kuchunguza. Nilikuwa nimemuacha mtu wangu wa game juu ya daraja lililovunjika, nikamkuta amesimama katikati ya shamba la mahindi. Hilo shamba ni la kijiji fulani mwanzo wa game, nilipita hapo zamani nikaenda zangu, sikurudi. Sasa mahindi yamesimama, wanakijiji wananishukuru, na kwenye mfuko wangu kuna nyama ya panya imepikwa na kupangwa vizuri.

Mimi sijawahi kupika kwenye game. Hata nje ya game sijawahi.

Nikamuuliza Mama Ivy kama kuna mtu anagusa hii mashine ya game. Hakuinua kichwa kutoka kwa cherehani. Akasema yeye na game wapi na wapi, hizo ni vitu vya watoto.

Alijibu haraka sana. Jibu la haraka mimi huwa silipendi.

Kuanzia hapo usingizi ulipungua na macho yakafunguka. Nikaona stuli ya jikoni iko mbele ya TV, na sisi tuna kochi. Nikasikia sebule inanukia dawa ya kuchua, ile kali ya kupaka magoti. Nikaona sahani nzuri, zile za wageni, zimeoshwa na bado zina maji. Siku ile ile mimi nilipewa chakula kwa sahani yangu ya plastiki, ya kila siku.

Nikaenda kwa Mama Saumu, mwenye kibanda cha mahamri chini ya ngazi zetu. Huyu mama ni mzaliwa wa Majengo, anajua mpaka paka wa ploti analala wapi. Nikamzungusha maneno, nikamuuliza kama ameona mtu akipanda kwangu mchana. Akafunika mahamri yake na karatasi, akaniambia yeye anauza tu, milango ya watu haiangalii.

Mama Saumu! Haangalii mlango! Nikajua hii ni ngori, shida kubwa.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Odhis, mse tunafanya naye mashine moja kiwandani. Odhis ana ushauri wa kila kitu na hajawahi kuoa. Alisimamisha kazi kabisa, akanishika bega.

"Boss, mtu anayekaa kwako mchana mpaka anacheza game yako, hayo mengine ameshamaliza kitambo."

Hayo maneno yaliniingia. Nikaanza kumuona huyo jamaa. Mrefu, mtulivu, amejipaka dawa yake ya magoti kwa sababu anacheza mpira. Anakula kwa sahani yangu ya wageni. Na kilichoniuma zaidi, nitasema ukweli, ni kwamba alikuwa anacheza vizuri. Panya wa game wanakwenda kasi, na bunduki ile dhaifu inataka umpige kichwani ndio afe. Mimi nilishindwa. Yeye alikuwa anawamaliza mmoja mmoja, na kwa rekodi za game hakuwa amepiga binadamu hata mmoja. Kuna wezi wa barabarani kwenye game wanaokuja kuomba chakula na bunduki mkononi, mimi huwa nawamaliza hapo hapo. Yeye aliwapa chakula wakaenda.

Nikasema huyu mwanaume ni mpole. Na wanawake wanapenda wapole. Nikamchukia zaidi.

Siku ya siku nikamdanganya supervisor tumbo linanisokota. Nikaruhusiwa. Kutoka barabara ya Outer Ring mpaka kwangu nilitembea kama nimetumwa, njiani nikijipangia. Wote wawili watatoka. Yeye na nguo zake, huyo jamaa hata viatu asivae. Mtoto ningempeleka kwa mama yangu. Nilikuwa nimeshaivunja ile nyumba kichwani kabla ya kufika kwa ngazi.

Nafika mlangoni, mlango uko wazi, pazia limeshuka. Nje kuna viatu vyeusi vya plastiki, vimepangwa pamoja.

Na ndani nasikia ile bunduki. Ti. Ti. Kasauti kadogo.

Damu ikapanda. Nikasukuma pazia nikapaza sauti, ploti nzima ikasikia.

"Toka nje, mbwa wewe!"

Wakuu.

Kwenye stuli alikuwa ameketi mama mkwe wangu.

Wacha niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Mimi na Mama Ivy sote ni watu wa Bungoma. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na yeye hawezi kuketi kwenye kiti unachokalia wewe. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Vijana wengine wa siku hizi wameachana na hayo, mimi la. Mimi nilikuwa najisifu nayo. Tulipooana nilitangaza mbele ya watu kwamba mama mkwe hatakanyaga kwangu mpaka wazee wakae na watoe ruhusa, na wazee bado hawajakaa.

Nilijua alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Nilijua amefikia Umoja kwa Beatrice, binti ya dada yake. Nilimtumia salamu na nikaona nimemaliza kazi yangu. Sikujiuliza kwamba Beatrice anauza nguo Gikomba, anafunga nyumba asubuhi, na huyu mama ambaye ametoka kufanyiwa operesheni ya jicho la kwanza atashinda na nani.

Alishinda na mtoto wake. Kwangu. Anakuja nikishatoka, anaondoka kabla sijarudi, na kochi langu hajawahi kuligusa.

Aliponiona alirusha leso kichwani akageukia ukuta. Pad ya game ilianguka chini. Mimi nilitoka kinyumenyume mpaka nikagonga ukuta wa korido, nikabaki hapo nimefunga macho kama mtoto.

Mama Ivy hakupiga kelele. Alikuja mpaka kwa pazia, akaongea pole pole.

"Umemuita nani mbwa?"

Nikazidi kujibana ukutani.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mwenyewe kutoka ndani. Hakuongea na mimi, kwetu haongei na mimi moja kwa moja. Aliongea na binti yake ili mimi nisikie.

"Mwambie Baba Ivy zile risasi zake kubwa sikugusa. Nilichukua hizi ndogo, niliambiwa hazina kazi kwake."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Sioni aibu kuyaandika.

Baadaye nilikuja kuelewa vile ilianza. King'amuzi chetu kiliharibika, TV haina kitu isipokuwa game. Mama Ivy, ambaye na game wapi na wapi, kumbe miaka yote akishona jioni alikuwa ananiangalia na anajua kila kitufe. Akamuwashia mama yake aone rangi tu na lile jicho jipya. Mama akaona shamba la mahindi, na panya ndani wanakula. Huyu mama amelima mahindi maisha yake yote. Akauliza mbona mahindi yanaliwa na watu wanaangalia. Akaomba afundishwe.

Watu hakupiga kwa sababu alisema watu hawapigwi. Bunduki kubwa aliogopa itaharibu mahindi. Hiyo ndogo ilimtosha.

Lakini siku ile hatukuongea hayo. Siku ile aliomba viatu vyake, na viatu vilikuwa miguuni pangu, kwa hiyo hangeweza kutoka mpaka mimi niondoke. Nikapanda juu kwa kamba za kuanika nguo, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nimeangalia upande wa Donholm, mpaka nikasikia wamemaliza ngazi.

Jioni Mama Ivy alirudi na ujumbe. Mama anarudi Bungoma. Operesheni ya jicho la pili hataki tena. Amesema hilo moja limeona ya kutosha.

Nilikosa raha, wakuu. Jicho la mtu lilikuwa linapotea kwa sababu yangu. Nikampigia mjomba, yeye ndiye anajua hizi mambo za wakwe. Akasema inatakiwa atumwe mtu mzima na blanketi, aniombee. Lakini huyo mtu lazima aambiwe naomba msamaha wa nini. Nilijaribu kulitamka lile tusi kwa simu, nikashindwa, nikamwambia network ni mbaya.

Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Umoja, Jumapili baada ya kanisa, nikasimama korido ya akina Beatrice nje ya pazia, uso kwa ukuta. Mama Ivy alikuwa ndani na mama yake. Majirani walitoa stuli kabisa wakakaa kusikiliza. Nikasema yote. Nilishuku nini, nilisema nini, nilikuja na nia gani. Nikasema tusi lile lilikuwa kosa langu, na nikamwomba asipoteze jicho lake kwa ujinga wangu. Nikapitisha blanketi chini ya pazia.

Halafu nikasikia wanaongea kwa sauti ya chini, na Mama Ivy akawa hataki kusema kitu, mama yake anamsukuma aseme. Mwisho akaja kwa pazia. Kwa mila ni yeye tu angeweza kuniletea lile jibu.

"Mama anasema jicho ataenda kutibiwa. Anasema yeye hana kesi na wewe, kwa sababu hukujua yuko ndani. Anasema lile neno ulikuwa umemletea mtu mwingine."

Akageuka kutaka kurudi ndani. Mama yake akamwambia amalize.

"Anasema uniombe mimi."

Wakuu, siku zote hizo nilikuwa nimehangaika na mila, na mjomba, na blanketi. Na huyu mwanamke nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, ananipikia, ananifulia, anajua nilipanda ngazi zile nikija kumfukuza, na sikuwa nimemwambia hata neno moja.

Nilimwomba hapo hapo, majirani wakisikia. Hakujibu. Alirudi ndani.

Mama alifanyiwa jicho la pili, anaendelea vizuri, ameshafika nyumbani. Wazee wetu watakaa Desemba. Odhis nimemuomba tukae mashine tofauti.

Mama Ivy yuko. Anashona, ananipa chakula, tunaongea ya mtoto na ya maji. Nikiwasha game jioni anageuza kiti cha cherehani aangalie dirishani.

Somo langu ni kwamba mimi nilikuwa na macho ya kuona risasi zimepungua, na ya kuona stuli, na ya kuona sahani, na sikuwahi kumuuliza mke wangu swali moja la kawaida kwa upole nikangoja ajibu.

Sasa nyinyi mlio kwenye ndoa muda mrefu, nisaidieni. Umeomba msamaha mara moja na mke amenyamaza hivi. Mtu anangoja, au anaomba tena?

Mwenye matusi pia alete, nitasoma yote.