Kovu la Kisiginoni

Mimi Kimaiyo nimekuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye mashamba ya wazungu, nimeshona vidole vilivyokatwa na mundu, na sikudhani kuna kitu cha kunishtua tena. Lakini siku ile ya mwaka wa hamsini na saba, kule Njoro, nilishtuka mpaka mzani ukaniponyoka.

Sista Cheptanui, nesi niliyekuwa nikimsaidia, alikuwa anafanya utafiti wake wa kwanza, juu ya afya ya watoto wa vibarua wa pareto. Sheria aliitunga mwenyewe. Mtoto mwembamba anapewa unga wa maziwa. Akinona, maziwa yanakatwa, apewe mwingine. Mimi niliisifu. Nani angeipinga?

Asubuhi, kambi ya juu, nilipima kitoto kikavu chenye kovu la moto kisiginoni. Mchana, kambi ya katikati, mama mwingine akanipa mtoto wake. Kovu ni lilelile. Jioni, kambi ya chini, mtoto yuleyule akaja tena, mgongoni kwa mama wa tatu. Hapo ndipo mzani uliponiponyoka.

"Huyu ni wa nani?" niliuliza kwa ukali, maana sipendi kufanywa mjinga.

Mama yake halisi, Nanyama, akaitwa. Hakuficha kitu.

"Ni Simiyu wangu, Sista. Watoto wa hawa jirani wana njaa pia, lakini mzani wako unawakataa. Kwa hivyo nawaazima wangu."

"Na yeye maziwa anakunywa?" Cheptanui akauliza.

"Nampa kidogo, asife. Akinona, sote tunakosa."

Cheptanui alikaa chini palepale vumbini, na sare yake nyeupe. Mtoto alikuwa anashindishwa njaa kwa sababu ya sheria yake.

Kabla hatujaondoka aligawia kila mtoto maziwa, mnono na mwembamba. Daktari aliyekuwa mkubwa wake akasema utafiti umeharibika, akamnyima cheo. Mimi nilimtukana huyo daktari, ingawa kimoyomoyo. Miaka ya baadaye, akifundisha manesi mjini Nakuru, swali la Cheptanui la kwanza darasani lilikuwa hili: mtoto huyu akipona, mama yake anapoteza nini?

Lakini miezi michache tu baada ya siku ile, tuliporudi Njoro, Nanyama alitupokea peke yake. Nikaogopa kuuliza. Kisha kikohozi kikasikika chini ya kitanda. Simiyu alikuwa amenona, na mama yake amemficha asipimwe.

Cheptanui akapiga magoti mlangoni. "Mtoe, mama Simiyu," akasema. "Sikuja na mzani."