Leo tumeizima programu ya Mzee Komba

Leo nimemliza mzee wa watu ofisini, jamani.

Tulikuwa tunafunga programu mpya ya kukagua nani anafungua data za wanachama wa ushirika wetu. Masharti yake: kompyuta iwe na memori kubwa na Windows mpya.

Tatizo, Windows mpya haikubali programu ya zamani. Ile ya hesabu za wanachama, aliyoiandika mwenyewe Mzee Komba, mkongwe wa ofisi yetu, kompyuta zilipoanza kuingia Songea.

Nikamfuata mezani kwake.

"Shikamoo mzee. Leo tunaizima."

"Marahaba. Hakuna namna?"

"Hakuna, mzee."

Nilidhani atagomba. Akasema tu, "Basi niache niizime mwenyewe."

Akabonyeza. Machozi yakamdondoka palepale, mbele yetu wote. Akavaa koti lake, akaondoka kwenda kwake Ruhuwiko hata chai hajanywa.

Ningemwambia nini, ndugu zangu?