Muke Mwenzangu wa Chuma

Mjukuu wangu ni bwana yangu. Kwetu Uvira koko, yaani bibi, humwita hivyo mjukuu wake wa kiume, naye mjukuu huitikia bila haya. Utani huo tuliukuta. Basi mwaka huu bwana yangu alipotaka kuniletea muke wa pili, nilikuwa wa kwanza kuambiwa.

Muke mwenyewe alikuwa kadre, ile mifupa ya kinga, yaani baiskeli, kabla ya kutiwa magurudumu. Tena hakutaka kadre yoyote. Alitaka ya mashindano, ya zamani, ya chuma, kama zile zinazovuka kutoka Bujumbura. Magurudumu yalikuwa tayari chini ya kitanda changu, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo ulining'inia pale ninapotundika kitenge cha kanisa. Kila Jumamosi vijana wenzake wanakimbiza kinga mpaka Luvungi, wanarudi wamelowa jasho, hawajanunua hata nyanya. Niliuliza wanaendea nini huko. Akasema wanaenda ili warudi.

Minye neno langu lilikuwa moja. Kinga yake ya zamani, ile aliyoiuza, ilikuwa na portebagaje nyuma, kile chuma cha mizigo, na hapo ndipo kiti changu. Hapo nilikaa kwenda kanisani, hapo nilikaa kwenda Luberizi kwa dada yangu wakati wa mpunga. Magoti hayapendi tena safari, na pikipiki ziko zinakimbia kama zimeiba. Kinga ya mashindano haina pa kukalisha mtu. Kwa hiyo nilimwambia muke hachaguliwi kama mkubwa wa nyumba hajamuona. Nikafunga kilemba, tukaenda sokoni Nyamianda.

Muuzaji alikuwa ametundika kadre mbili ukutani kama nyama ya mbuzi. Moja nyekundu, nene, imepakwa rangi juzi, portebagaje imeshaungwa kwa moto. Ya pili ya bluu, rangi imebabuka, nyembamba kama mikono ya mtu aliyetoka malaria. Nikasema nyekundu ndiyo muke: imeshiba, itafanya kazi. Ile nyingine ukikohoa itaanguka. Muuzaji akasema mama anajua vitu. Mtu akikusifu sokoni shika mfuko wako, lakini siku hiyo tulikuwa upande mmoja.

Bwana yangu hakubishana. Alitoa uzi, akaufunga nyuma pale gurudumu linapoingia, akaupitisha mbele kwenye shingo ya kadre, akaurudisha kwa upande wa pili. Halafu akapima kwa kidole nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Ya bluu ilikuwa sawa pande zote. Kwa nyekundu, huku kidole kilipita, huku kikakwama.

"Imepinda, koko. Ilianguka, wakaifunika na rangi."

"Hata minye kiuno kimepinda," nikamwambia, "na nilizaa baba yako."

"Ndiyo, lakini weye hauendi Luvungi mbio."

Muuzaji akaangalia upande wa ziwa kama ameitwa. Tukachukua ya bluu.

Njiani aliibeba begani, minye nyuma yake na magoti yangu. Nikamuuliza kama atanirudisha kwa baba yangu sasa, maana muke mupya amefika, ila ajue baba yangu yuko kaburini, hatafungua mlango. Alicheka. Halafu akaona minye sicheki, naye akaacha. Alishusha kadre chini, akagonga bomba la juu na vidole. Ikalia kama kengele.

"Koko, nyuma ni kiti cha muke aliyezoeleka. Mwenye kuchumbiwa anakaa hapa mbele, mikono ya bwana iko huku na huku."

Ni kweli, wasichana wetu ndivyo wanavyobebwa. Minye mwenyewe huwa ninawatikisia kichwa nikiwa mlangoni. Nikamwambia mama wa kanisa hapandi bomba kama binti, abebe muke wake twende, jua linachoma.

Nyumbani alitoa magurudumu chini ya kitanda, akaanza kufunga. Minye nikatafuta kipande cha kitenge kilichochakaa, nikachomoa pamba kidogo ya godoro, nikashona mto. Mwembamba, mrefu, wenye kamba ya kufungia huku na huku. Akauliza ni wa nini.

Nikamwambia aangalie kazi yake.